Empire: Total War au Ultimate Admiral: Age of Sail? Nataka vita vya merikebu vya kweli

Sindbad_Tanga: Habari za jioni wakuu. Kuna kihela kimeingia, nataka kununua gemu moja ya vita vya majini, enzi za matanga na mizinga. Nimebaki na hizo mbili hapo juu. Shida yangu ni uhalisia tu. Ipi?

KadiMbovu: Mleta mada, mashine ina RAM (kumbukumbu ya kompyuta) GB ngapi? Kadi ya picha? Na "kihela" ndiyo shilingi ngapi? Sisi si waganga.

Goshini: Ultimate Admiral. Kwenye Empire, ya 2009, manowari zinazama kama biskuti kwenye chai. Pale Trafalgar, pwani ya Hispania, 1805, Nelson, amiri wa Waingereza, alikuwa na manowari 27, Wafaransa na Wahispania 33. Walipoteza 18 siku ile: 17 zilitekwa, moja tu, Achille, iliungua ikalipuka. Nyingi ya zile zilizotekwa zilikuja kupotea kwenye dhoruba iliyofuata, si kwa mizinga. Mbao zile hazizami kirahisi, kinachokwisha ni watu na milingoti. Ultimate Admiral inahesabu mabaharia, matanga na ubavu kila kimoja peke yake, na adui anasalimu amri huku bado anaelea.

Jemedari_wa_Kochi: Empire unapata na nchi kavu, kodi, Uhindi, Amerika. Vita vya baharini mimi naiachia kompyuta iamue yenyewe, sijawahi kupigana hata kimoja 😂

Goshini: Sasa unamshauri nini mtu wa majini?

Kaka_Diski: Ukichukua Empire, tafadhali usinunue diski. Yangu niliinunua duka moja mjini, boksi limefungwa nailoni safi kabisa. Nikaacha kula nje wiki nzima kwa ajili yake. Nafika nyumbani, naingiza namba ya siri ya gemu, Steam (duka la gemu la mtandaoni) inaniambia imeshatumika. Narudi, jamaa ananiambia intaneti yangu ndiyo mbovu. Nikaitazama ile nailoni vizuri: pembeni ina mkunjo wa pasi! Mtu kaifungua, katumia namba, kaipiga pasi upya. Hela hakurudisha, akanipa gemu ya mpira ya miaka sita nyuma. Mpaka leo ninayo.

KadiMbovu: RAM, mleta mada.

Mzee_wa_Foromali: Vijana mnabishania mizinga, upepo hamuutaji. Aliye upande wa joshi, unakotoka upepo, ndiye anayeamua vita vianze saa ngapi. Merikebu ya matanga ya mraba haiukabili upepo, inapiga bisho tu, kwenda mshazari huku na huku. Jahazi letu lina nafuu, lakini kuligeuza ni kazi: foromali, ule mti unaobeba tanga, isimamishwe, ipitishwe mbele ya mlingoti, watu wamening'inia kwenye kamba. Mjukuu wangu alinionyesha hiyo Empire. Nikaona manowari inasonga pole pole, omo, yaani mbele yake, limeelekea upepo unakotoka. Nikamwambia zima.

Goshini: Shikamoo mzee. Ndicho ninachowaambia.

Jemedari_wa_Kochi: Mzee, ikifuata upepo wa kweli si tutakaa saa tano tunasubiri kusogeleana?

Mzee_wa_Foromali: Marahaba. Ndiyo, mtasubiri. Hata huyo Nelson wenu siku ile upepo ulikuwa mdogo, alisubiri mpaka karibu adhuhuri.

Binti_Malindi: Kwani hakuna hata gemu moja inayotuweka sisi? Seyyid Said alikuwa na manowari Liverpool, iliundwa Bombay 1826, akamzawadia mfalme William IV mwaka 1836. Waingereza wakaiita Imaum. Nani anajua kutengeneza modi, yaani nyongeza ya gemu inayotungwa na wachezaji?

Goshini: Hiyo ni meli ya Oman, dada.

Binti_Malindi: Na huyo Seyyid alihamia kuishi wapi, kaka?

Sindbad_Tanga: Samahani wakuu, umeme ulikatika. RAM ni 4. Ni laptopu ya ofisini.

KadiMbovu: 😂😂😂

Goshini: Basi Ultimate Admiral sahau. Mimi na 4 ilikuwa inaganda kila mizinga ikilia.

Sindbad_Tanga: Nikiongeza RAM je? Dada wa Malindi, hiyo modi ikianza nishtue.