Opena inakunja tu kizibo cha soda, hakitoki. Nakosea wapi?

Kidole Gumba: Wakuu habari za saa hizi. Nina opena ya bati nimeikuta tu kwenye droo ya jikoni, kila nikifungua soda ya chupa kizibo kinakunjika nusu halafu kinang'ang'ania palepale. Jana nikaona isiwe tabu nikachukua kisu nikawa nachokonoa, kikateleza kikanipitia kidole na mdomo wa chupa ukamegeka kipande kama punje ya mchele. Soda ipo kwenye friji sijaigusa, naweza kuichuja na kitambaa nikanywa? Na hiyo opena watu wanafanyaje maana nawaona wanafungua huku wanaongea zao.

Mzee wa Droo: Pole na kidole. Soda mwaga leo leo, kipande ulichokiona ndo kile kikubwa, vile vidogo vya kioo huvioni na kitambaa usikiamini. Sasa opena: ule mdomo wake unaingia chini ya meno ya kizibo, ukingo wa mbele unakaa juu ya kizibo. Wewe nadhani unauegemeza karibu mno na pembeni, lazima kikunjike. Usogeze mpaka katikati au mbele kidogo ya katikati halafu NYANYUA mpini, usikandamize. Kikigoma legeza kidogo, zungusha chupa, ng'ata upande mwingine.

Mjuaji: Kabla ya yote angalia kama kizibo kina mshale, vingine ni vya kuzungusha kwa mkono mnatesana bure. Hivyo vya meno 21 alivibuni William Painter huko Marekani, hatimiliki ya 1892, na opena yake ikaja 1894, enzi hizo meno yalikuwa 24.

Sina Haraka: Opena ya nini, mpini wa kijiko unatosha 😂

Mzee wa Droo: @Sina Haraka unatosha kwa aliyezoea, huyu kashajikata na kisu bado unamtuma kwenye kijiko.

Kidole Gumba: Imekubali wakuu! Chupa ya tatu imetoka safi. Ila nimeikagua opena kwenye mwanga, mdomo umelika na kupanuka, ndo maana ilikuwa inateleza. Nanunua nyingine. Na waini yenye kizibo cha gome je?

Mjuaji: Hiyo ni kizibuo, ile skrubu. Ichome katikati, zungusha bila kutoboa mpaka chini la sivyo unakunywa makombo ya gome, kisha vuta wima taratibu. Ila shampeni usiiguse na kizibuo kabisa, mle ndani presha inafika kama mara 6 ya hewa ya kawaida. Ukishalegeza ule waya kidole gumba kisitoke juu ya kizibo, inamisha chupa usimwelekezee mtu, shika kizibo kwa taulo halafu zungusha CHUPA, sio kizibo.

Kidole Gumba: Kidole gumba chenyewe ndo hiki chenye plasta 😅 shampeni tusubiri kwanza.