Upanga: ghorofa 12 zinapanda, bomba la majitaka ni lile lile la zamani

Wakuu, salaam. Nimevumilia miezi kumi na minne, leo uzalendo umenishinda.

Tunakaa Upanga, kwenye flati za zamani za ghorofa tatu, familia sita. Jirani ukuta kwa ukuta kulikuwa na nyumba ya chini ya wazee wawili, ua mpana, miembe miwili. Wazee wamefariki, watoto wameuza. Haki yao. Aliyenunua kakata miembe wiki ya kwanza, sasa anapandisha ghorofa 12. Kibali kimebandikwa kwenye bati la uzio, mvua imekifuta, hata namba ya simu haisomeki.

Jengo limekuja mpaka mpakani. Mama yangu akisimama dirisha la jikoni na mwiko mkononi anagonga ukuta wao. Sitanii, kajaribu. Saa nne asubuhi, Dar hii hii ya jua, tunawasha taa kukuna nazi. Nguo zinakaa kambani siku mbili na zinaanuliwa zinanuka uvundo. Zege wanamwaga saa saba usiku, maana mchana malori yanakwama kwenye foleni, kwa hiyo anayekosa usingizi ni mimi.

Haya yote ningemeza. Nisichoweza kumeza ni chemba.

Sisi wa Upanga tuna bahati kuliko walio wengi wa jiji hili wanaotegemea mashimo na gari la kunyonya: tuko kwenye mtandao wa majitaka, ule unaoishia baharini upande wa Ocean Road. Lakini mabomba ya mtaani yalilazwa kwa ajili ya nyumba za chini na viflati kama vyetu. Mtaa wetu peke yake una maghorofa matatu mapya, na sijaona hata mara moja mtu akichimba barabara kuweka bomba kubwa zaidi. Masika iliyopita chemba yetu ilifurika hadi mlango wa jikoni. Mama kaziba na vitenge viwili vya zamani, akapika wali huku amevaa gambuti. Ana miaka 71.

Nilikwenda ofisini. Dirisha la kwanza wakanirushia la pili, la pili wakataka barua, barua ikapigwa muhuri wa "imepokelewa" na hapo ndipo ilipozikwa. Kijana mmoja akaniuliza, "Kwani kaka wewe hutaki maendeleo?"

Nayataka sana! Sensa ya 2012 ilituhesabu wana-Dar milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38. Hao watu lazima walale mahali, na bora wapande juu karibu na mjini kuliko kutupwa Chanika waamke saa kumi alfajiri kuwahi kazini. Magomeni Kota si mfano tuliouona? Kaya 644, maghorofa yamezinduliwa 2022, wakazi wa zamani wakarudi pale pale, na majengo yameachiana nafasi ya kupumua. Kumbe tukiamua tunaweza. Huku kwetu kila kiwanja kinapewa kibali kama kiko peke yake jangwani, hakuna anayejumlisha vyoo vya mtaa mzima.

Halafu kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayotaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza. Kama hapa ilifanyika, sisi wa ukuta wa pili hatukuulizwa neno. Aliyetusikiliza mpaka leo ni mlinzi wa saiti tu, na yeye angalau alitoa pole.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi. Tangu wachimbe msingi kuna ufa kwenye kona ya chumba cha mama. Januari nilichora mstari wa penseli pale ulipoishia, nikaandika tarehe. Jana nimepima: umepita mstari kwa upana wa viganja viwili, na juu kabisa sarafu ya mia mbili inaingia. Fundi wa jengo anasema ni plasta. Mimi nakumbuka Ijumaa Kuu ya 2013, ghorofa lilipoanguka mtaa wa Indira Gandhi, wakafa watu 36. Nakumbuka na lile lililoanguka Kariakoo, Novemba 2024.

Wahandisi mliomo humu, ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha kushuka sakafuni ni plasta kweli? Na pingamizi la jirani linapelekwa wapi ambako si kupigiwa muhuri tu? Mama anagoma kuhama chumba, anasema kitanda kimekaa pale tangu enzi za marehemu baba.