Naomba ushauri: kuhamia chuo Unguja

Hamjambo ndugu zangu. Niko mwaka wa pili, ualimu wa Kiswahili na Historia, katika chuo kimoja hapa Kisumu ambacho sitakitaja. Migomo imekula muhula mzima, na kelele za Kondele zimenichosha. Natamani kusomea kisiwani, mahali ambapo hakuna anayekimbizana na saa.

Macho yangu yako SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pale Tunguu. Kiswahili cha Unguja mjini ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na mimi Mjaluo wa soko la Kibuye nahitaji kunyooshwa ulimi. Lakini safari! Basi kupitia mpaka wa Isebania hadi Dar, kisha boti. Mama anasema kama ni kisiwa tu, niende Rusinga kwa shangazi. Mombasa nayo ni kisiwa, ila ukishaona foleni ya feri Likoni, utulivu uko wapi?

Aliyewahi kuhama kutoka Kenya: masomo uliyokwisha kufanya yalihesabiwa, au ulianza upya mwaka wa kwanza? Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Kenya, ulikufuata? Na uliporudi, TSC, tume ya walimu ya Kenya, ilikusajili bila kukuzungusha? Nyumba za kupanga karibu na Tunguu pia nielezeni. Msinifiche, hata kama jibu litanivunja moyo.