Asembla raundi ya kwanza: JMP ya mbele imenishinda, naomba ushauri

Wasee habari zenu, niko hapa Kasarani naandika kaasembla ka projekti, yaani kaprogramu ka kugeuza amri kama MOV kuwa lugha ya mashine ya prosesa ya 8086, na nimekwama wiki nzima. Kanasoma kodi mara mbili, yaani raundi mbili. Raundi ya kwanza naielewa, yaani unasoma laini moja moja, ORG 100h inaambia kaunta ya anwani ianzie wapi, ukipata lebo (jina la mahali kwenye kodi) unaiandika kwa jedwali na anwani yake, halafu unaongeza saizi ya hiyo amri, kama MOV AX,5 ni baiti 3. Lugha ya mashine inatoka raundi ya pili.

Sasa shida ni JMP, ile amri ya kuruka, ya kwenda lebo yenye sijafikia bado. Ikiwa karibu inatosha baiti 2, ikiwa mbali inataka 3, na nitajuaje na lebo yenyewe haiko kwa jedwali? Nikikisia 2 na iwe mbali, lebo zote za chini zinahama, kila kitu kinaharibika. Nimeweka 3 kila mahali na inafanya kazi, lakini naona ni kama kupanda matatu kwenda kioski.

Wenye mmefanya hii, niache 3 tu, ama nirudie raundi ya kwanza mpaka anwani zitulie? Nawasilisha Ijumaa jamani.