Mlimani tufuate wati au pumzi? Klabu yetu imegawanyika

Mleta mada, Tanga

Wadau wa baiskeli, salaam. Klabu yetu imechanga fedha na sasa hatuelewani. Wapo wanaotaka tununue kipima wati, kile kifaa kinachofungwa kwenye mkono wa pedali na kuonyesha nguvu unayotoa sekunde kwa sekunde. Wengine, nami nikiwamo, tunataka fedha iende kwenye matairi na minyororo, na mlimani kila mtu asikilize pumzi yake.

Wiki iliyopita tulipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Mwenzetu mmoja alikuwa ameazima kifaa, akaambiwa ashike wati 230. Tuliondoka saa tano asubuhi na lile joto la Mombo mnalijua. Tukikaribia Soni, mji mdogo ulio njiani, namba yake ilikuwa palepale, 230, lakini jezi imechora mistari ya chumvi, na nilipomuuliza kama amebakiwa na maji alishindwa kunijibu. Kifaa kinaona nguvu inayofika kwenye pedali tu. Jua likiwaka, damu nyingi inakwenda kwenye ngozi kuupoza mwili, jasho linapunguza maji, na moyo unadunda haraka zaidi kwa nguvu ileile. Wati 230 za alfajiri na wati 230 za saa sita mchana ni mizigo miwili tofauti.

Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alitengeneza kipimo cha kujisikia, kuanzia 6 hadi 20. Unataja mwenyewe uzito wa kazi, ukiongeza sifuri mwishoni mwa namba yako unakaribia mapigo ya moyo ya kijana. Hakihitaji betri wala mchango wa mtu.

Mchangiaji, Nairobi

Mkuu, hapo nakupinga kwa heshima. Mwili unadanganya, hasa dakika kumi za kwanza. Miguu bado mibichi, wenzako wanachomoka, mlima unauona tambarare. Eddy Merckx mwenyewe, bingwa wa baiskeli wa Ubelgiji, kwenye rekodi ya umbali wa saa moja pale Mexico City mwaka 1972, alianza kwa kasi hadi akavunja rekodi ya kilomita 10 njiani. Alimaliza na kilomita 49.431, rekodi mpya, lakini kasi ile ya mwanzo haikukaa. Kama Merckx alipitiliza, sembuse kijana wa klabu?

Tena Chris Froome, mzaliwa wa hapa Nairobi aliyelelewa kibaiskeli na mwendeshaji Mkenya David Kinjah, alishinda Tour de France mara nne, na mlimani macho yake yalikuwa kwenye kile kioo kidogo. Wenzake wakishambulia hakukurupuka. Mimi kabla ya kupata kifaa nilikuwa naachwa nusu ya mlima kila Jumapili, na tatizo halikuwa miguu, ni pupa ya mwanzo.

Mchangiaji, Eldoret

Ongezeni na mwinuko. Wati ulizopima Mombasa usizilete Iten, mita 2,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, oksijeni haitoshi kukupa nguvu ileile kwa muda uleule. Wageni wengi nawaona wakiing'ang'ania namba ya nyumbani, dakika ya kumi na tano wako kando ya barabara wameinamia usukani. Ukifika juu, pima upya au sikiliza pumzi.

Mleta mada

Ndugu wa Nairobi, la dakika kumi za kwanza nimelikubali, hata mimi limeniumiza. Ila kifaa ni kimoja na sisi tuko tisa. Wanane watapanda na nini?

Nimewashawishi wenzangu hivi: Jumamosi tunapanda tena, kifaa kilekile cha kuazima, kioo kimebandikwa plasta. Kila kilomita tano mpandaji anataja kwa sauti wati anazodhani anatoa, mimi naandika. Tukifika Soni tunabandua plasta na kulinganisha na kilichorekodiwa. Akikosea kidogo, fedha iende kwenye matairi. Akikosea sana, nitakuwa wa kwanza kuchangia kifaa. Aliyewahi kujaribu hivi atuambie, alipishana na kifaa kwa wati ngapi?