Kadi imeandikwa "mzio wa salfa": dawa za presha na sukari vipi?

Mtoa dawa, Chake Chake
Assalamu alaykum. Bimkubwa wa miaka sitini na kitu, kadi yake imeandikwa "mzio wa salfa", basi. Mwanawe anasema alipewa Septrin (antibiotiki ya salfa) zamani akatoka upele. Leo cheti kina haidroklorothiazaidi 25 mg ya presha na glibenklamaidi 5 mg ya sukari, na karatasi za ndani ya maboksi zote mbili zinaonya kuhusu salfa. Nimpe au nimrudishe kwa daktari? Na feri salfeti, vidonge vya damu, navyo vimo?

Mfamasia wa Mjini
Waalaykumu ssalaam. Neno "salfa" peke yake lisimkoseshe dawa.

Kidonge cha Septrin cha 480 mg kina sulfamethoksazoli 400 mg. Molekuli yake ina amini (kikundi chenye nitrojeni) iliyoshikana na pete ya benzini. Ini likiichakata amini hiyo, hutoka mabaki yanayojibandika kwenye protini za mwili, kinga ikaziona ngeni. Haidroklorothiazaidi, Lasix, glibenklamaidi, asetazolamaidi na selekoksibu nazo zina kipande cha salfonamidi, ndiyo "salfa" inayoonywa, lakini amini hiyo mahali pale hazina.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2003 ulikuta kwamba waliowahi kudhurika na antibiotiki za salfa hupata mzio wa dawa hizi zaidi ya watu wengine. Lakini wenye mzio wa penisilini walipata zaidi yao, na penisilini si salfonamidi. Yaani ni maumbile ya mtu kuwa mwepesi wa mizio, si salfa.

Za kumkataza kweli: Septrin, SP (Fansidar, dawa ya malaria, ina sulfadoksini), sulfasalazini, na sulfadiazini, pamoja na ile krimu nyeupe ya majeraha ya moto. Hiyo krimu husahauliwa sana.

Salfeti ni chumvi tu, haihusiani kabisa. Feri salfeti mpe. Mwenye pumu asinyimwe salbutamoli salfeti, na nasisitiza: mjamzito mwenye kifafa cha mimba asicheleweshewe magnesiamu salfeti kwa sababu ya kadi kama hii. Atakufa.

Tabibu, Wete
Sawa, lakini kwanza muulize mwanawe upele ulikuwaje. Ulitoka siku ya ngapi? Midomo, macho au sehemu za siri zilichubuka? Kulikuwa na malengelenge, homa, macho ya manjano, kuvimba uso, pumzi kubana? Kimoja kikiwepo, usitoe. Arudi kwa daktari. Kwa presha ipo amlodipini, haina salfonamidi.

Kama ulikuwa upele wa kuwasha tu, mpe. Mwambie upele wa dawa aghalabu huchelewa, wiki ya kwanza au ya pili, kwa hiyo kupita salama siku mbili si ushahidi.

Mimi hiyo glibenklamaidi inanitia wasiwasi kwa jambo jengine: umri wake. Hushusha sukari kwa muda mrefu, khasa figo zikiwa dhaifu, na akifunga Ramadhani hatari inazidi. Muulize daktari kuhusu metformini, figo zikiruhusu.

Mtoa dawa, Chake Chake
Shukran. Mwanawe anasema ulikuwa upele wa kuwasha, kama wiki moja baada ya kuanza, hakuna kuchubuka. Haidroklorothiazaidi nampa, glibenklamaidi nampigia daktari kwanza. Kwenye kadi niandikeje?

Mfamasia wa Mjini
"Septrin: upele wa kuwasha, kama siku ya 7, bila malengelenge wala homa. Asipewe antibiotiki za salfa wala SP." Tia na mwaka, kama mwanawe anaukumbuka.