MREJESHO: Seva yetu ya Luanti Mbeya haikwami tena kama zamani

Habari wakuu. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini seva yetu ya Luanti (gemu la kujenga dunia kwa vitalu), yenye mchezo wa falme na wachawi, tunayoiendesha kwa michango hapa Mwanjelwa, inakwama jioni watu wakijaa.

Nilifuata ushauri wa kuhamisha ramani ya dunia ya gemu kutoka hifadhidata ya SQLite kwenda ya PostgreSQL kwa amri ya --migrate postgresql, seva ikiwa imezimwa. Kukwama kumepungua sana, hata vita vya ngomeni vinachezeka. Data za wachezaji zina amri yake, --migrate-players, msiisahau. Aliyesisitiza ninakili folda nzima ya dunia hiyo kwanza, Mungu akubariki mkuu: jaribio la kwanza umeme ulikatika katikati.

Michango ya kila mwezi ndiyo imegoma. Wametoa watu sita tu, kinachopungua najazia mwenyewe. Asanteni sana.